Wakazi Wasio na Kiwanja: Sinema Zetu na Swali la Makazi ya Mjini

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla chama cha TANU hakijazaliwa, kijana mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa aliigiza katika sinema ya Kiswahili iliyopewa jina la Muhogo Mchungu, na humo akawa mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam akanaswa na walaghai wa mjini. Na mwaka 2012, baada ya takriban miaka sitini, Kenya ilitoa Nairobi Half Life, sinema iliyoongozwa na David Gitonga, ambamo Mwas, kijana wa kijijini mwenye shauku ya kuwa mwigizaji, anashuka garini Nairobi na siku hiyo hiyo anaporwa alichokuja nacho. Baina ya sinema hizi mbili bendera zilibadilishwa, vyama vilizaliwa na vingine vikafa, na yule mtu wa shamba wa kwanza akapanda ngazi mpaka akawa Waziri Mkuu wa nchi, lakini kisa cha maskini anayejishikiza mjini kilibaki na umbo lile lile: anafika, anaibiwa, anapotoka, kisha ama anarudi kwao akiwa amejuta, ama anapotelea humo humo.

Rai yangu ni kwamba umbo hilo, ingawa limetupa sinema kadhaa nzuri, limetuficha jambo lililo kubwa kuliko wizi wa stendi, nalo ni makazi yenyewe: mtu huyu analala wapi, alipewa ruhusa na nani, alilipa nini, aliandikiwa karatasi gani, na kwa hoja ipi siku moja anaambiwa kwamba mahali alipozalia watoto wake ni pa mwingine. Mtunzi akiwa Dar es Salaam au Nairobi aghalabu huyapita maswali hayo haraka, kwa kuwa huko wenye dhiki ni halaiki, na dhiki ya halaiki huvutia macho ya kamera. Akiyatazama kutoka Musoma, Bunda au Butiama atayaona kwa utulivu zaidi, maana mkoa wa Mara hutoa wahamiaji na kuwapokea kwa wakati mmoja, na miji yake ni midogo kiasi cha mtu kuweza kufuata historia ya kiwanja kimoja kutoka kwa mjumbe hadi kwenye baraza la ardhi.

Umbo hilo lina nasaba yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema za mafunzo kwa Waafrika chini ya Meja Notcutt, wakatengeneza picha za kilimo, za afya na za akiba ya posta, wakazizungusha katika nchi za Afrika Mashariki. Aliyefundishwa alikuwa mtu wa shamba, na alifundishwa ili abakie shambani, kwa kuwa serikali ya wakati ule iliutaka mji uwe mahali pa Mwafrika kufanya kibarua na kuondoka, nayo ilikuwa na sheria za kuwatimua mijini watu iliowaona hawana kazi. Muhogo Mchungu haikutoka Vugiri, ila iliirithi fikira ile na kuitia ucheshi. Uhuru ulipokuja, na Kampuni ya Filamu Tanzania ikaundwa mwaka 1968, ingalitazamiwa kwamba kisa kingegeuka. Badala yake katikati ya miaka ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, ambayo mkulima fukara anaondoka kijijini, anakwenda mjini, mji unamshinda, na wokovu wake anaukuta katika kijiji cha ujamaa. Mkoloni alimtaka mtu arudi shamba kwa sababu hakumtaka mjini, na taifa huru lilimtaka arudi shamba kwa sababu lililitukuza shamba. Kwa yule mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kulaza ubavu Manzese au Buguruni, jawabu lilikuwa moja.

Hapa ndipo Butiama inapoingia katika habari hii, wala haiwezi kuachwa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alitoka kwao kwa miguu mwaka 1934 kwenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, na kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kijijini aliyeletwa mjini, akatunzwa bwenini, akapata alichokifuata. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 alionya kwamba mji huweza kuishi kwa jasho la mkulima, kwamba mikopo inayojenga barabara za lami na hospitali za mjini hulipwa kwa pamba na kahawa; na mtu wa Bunda, aliyeuza pamba kwa miaka mingi huku akiliona gari la mbunge tu, hana sababu ya kulikana neno hilo. Lakini hoja yenye insafu ikigeuzwa kuwa amri hupoteza insafu yake. Mwaka 1983, kwa jina la Nguvu Kazi, watu walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam kwa kosa la kutokuwa na kitambulisho cha kazi, wakapakiwa malorini kupelekwa vijijini na mashambani, na serikali ikawa imetekeleza kwa malori kile ambacho sinema ilikuwa imekihubiri kwa picha. Wengi walirudi mjini. Sinema ya kurudi kwao hakuna aliyeitengeneza.

Na tusiidhulumu serikali ile kwa kuinyima nusu ya habari zake. Katika miaka ya kwanza baada ya uhuru ilibomoa vibanda na kujenga nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa mahali pake. Ilipotambua, mnamo mwaka 1972, kwamba kila kinachobomolewa huota tena upande wa pili wa barabara, iliacha kubomoa, na kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikaanza kupima viwanja vyenye huduma katika maeneo kama Sinza na kuipelekea Manzese barabara na maji pasipo kuwaondoa watu wake. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mwingi uliofuata, na aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo ni yule yule Kawawa wa Muhogo Mchungu. Laiti angalitokea mtu wa kumwandikia sehemu ya pili!

Watazamaji wa miji yetu, kwa upande wao, hawakuwa wakisubiri sinema za serikali. Walikuwa wakijazana kutazama picha za Kihindi, na Shree 420 ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1955, ilikuwa imekwisha kuigeuza mizani. Humo pia kijana anatoka mbali kwenda Bombay, humo pia anapotoshwa. Lakini wanaolala kando ya barabara ndio waadilifu, na mwizi ni tajiri anayewaahidi maskini nyumba kwa rupia mia moja kila mmoja, akikusanya fedha kwa nyumba ambazo hazitajengwa. Sinema zetu zilimuuliza maskini kwa nini alikuja mjini. Ya Kapoor ilimuuliza tajiri nyumba za maskini ziko wapi. Miaka minne kabla yake Vittorio De Sica alikuwa ametoa Miracolo a Milano, juu ya mafukara waliojenga vibanda katika uwanja mtupu pembezoni mwa Milano, wakaishi humo kwa amani hadi yalipobubujika mafuta chini ya miguu yao, na hapo ndipo mwenye ardhi alipojulikana na askari walipoletwa. Mwishoni wale watu wanapanda mifagio na kuruka angani. Mimi naupenda mwisho huo kuliko wa kurudi kijijini, kwa sababu mtunzi amekiri waziwazi kwamba ameshindwa kuwapatia mahali duniani.

Kanda yetu ya ziwa ilipata sinema yake mashuhuri mwaka 2004, nayo haikuwa ya kuigiza wala haikuwa yetu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, Mwaustria, ilipigwa Mwanza, ikaonyesha minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yakianikwa juani, watoto wa mitaani, na wanawake wa baa wanaosubiri marubani. Rais Jakaya Kikwete aliishutumu mwaka 2006, na mjadala uliozuka ulihusu zaidi mapanki: je, ni chakula cha watu ama cha kuku? Mabishano hayo yalichukua nafasi ya swali lililo zito zaidi. Sauper alitujulisha mtu anakula nini, anavuta nini, anaogopa nini, ila mpaka mwisho wa sinema hatujui kile kibanda kilisimama juu ya ardhi ya nani. Mtu wa Musoma, ambaye naye aliona viwanda vya samaki vikija na kiwanda cha nguo cha MUTEX kikizorota, angelipenda kujua hilo kwanza, kwa kuwa kibarua akiachishwa kazi, nyumba aliyojijengea pembezoni ndiyo pekee inayobaki.

T-Junction ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2017, imekaribia ukweli kuliko zote nilizozitaja. Msichana Fatima, aliyefiwa na baba ambaye hakuwa na ukaribu naye, anakutana hospitalini na Maria, na Maria anamsimulia habari za watu waliotupwa kando na jiji, walioshikamana kwenye njia panda ya Dar es Salaam na kujijengea undugu hadi undugu huo ulipovunjwa. Ubora wake ni kwamba watu hao wanasimuliwa na mwenzao, si na bwana afya wala mtalii, na kwa hiyo hawaombi huruma. Wanachekana, wanagombana, wana heshima zao. Ila njia panda, hata ikipendwa namna gani, ni mahali pa riziki na pa kupita, na tamthilia ya makazi inahitaji vitu ambavyo njia panda haina: ukuta, choo, mpaka wa kiwanja, na jirani anayesogeza ua usiku.

Vitu hivyo Musoma inavyo kwa wingi. Mji huu umekaa juu ya rasi, ziwa limeuzunguka pande tatu na miamba imejitokeza katikati ya nyumba, na kwa sababu hiyo ardhi iliyo rahisi kujengwa iliisha mapema, ikabaki ya mlimani, ya ufukweni na ya mashamba ya zamani upande wa bara. Mtu akitaka kujenga pembezoni, haanzi kwa kuvamia, kama ripoti zinavyotujulisha. Anaanza kwa kununua. Anapelekwa na dalali kwa mzee mwenye shamba, wanapimiana kwa hatua za miguu au kwa kamba ya katani, wanapanda minyaa au kuweka mawe katika pembe nne, kisha wanakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandika hati ya mauziano, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, mke wa muuzaji akiwemo kama watu wana akili. Muhuri unapigwa, na asilimia kumi ya bei inabaki serikali ya mtaa. Baada ya hapo anajenga chumba kimoja cha tofali za udongo, anahamia, anaongeza cha pili. Akipata fedha anavuta maji ya mamlaka na umeme. Na tangu Agosti 2021, pale nchi ilipoanza kukata kodi ya jengo kwa njia ya LUKU, kila mwezi anailipa serikali kodi ya nyumba ambayo serikali hiyo hiyo, katika ramani zake, haijakiri kwamba ipo.

Siku mpimaji anapofika, ama kwa urasimishaji, ama kwa barabara mpya, ama kwa mwekezaji, huyu aliyenunua, akashuhudiwa, akapigiwa muhuri na kutozwa kodi, anaitwa mvamizi, na alama nyekundu ya X inachorwa ukutani kwake. Hapo pana tamthilia kubwa kuliko wizi wowote wa stendi ya Bweri, kwa kuwa hakuna mwovu wa dhahiri. Mwenyekiti alipokea asilimia kumi kwa nia njema au kwa tamaa, na hata yeye hajui kwa yakini. Mpimaji ana sheria mkononi. Mzee aliyeuza amekwisha kufa na wanawe wanadai kwamba hakuwa na haki ya kuuza peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa insafu yake, imeweka mlango wa kuwarasimishia watu waliokwisha kukaa mahali bila hati. Lakini mlango huo una gharama ya upimaji, na mjane auzaye dagaa sokoni hulazimika kuchagua kati ya bikoni na ada ya shule.

Ufukweni mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa, na kanuni hiyo ina hekima, kwa maana ziwa linahitaji matete yake na samaki wanahitaji mazalio. Tabu ni kwamba ukingo wenyewe hautulii. Maji yalipanda mno mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika zile mvua zilizouandama uhuru, yakashuka, kisha Mei 2020 yakapanda tena na kuifikia, hata kuipita kidogo, alama ya mwaka 1964. Nyumba zilizokuwa mbali na maji zikaamka zikiwa ndani ya maji, na mtu aliyejenga kihalali akajikuta kavunja sheria pasipo kusogeza tofali hata moja. Katika mialo, mathalani Mwigobero na Makoko, na katika visiwa kama Rukuba, wako vilevile watu wa kambi: wavuvi wa kulipwa kwa mgawo, wanaolala katika vibanda vya mabati na maturubai vya mwenye mtumbwi, ambao hawana ardhi wala hawaidai, wanahama na dagaa. Sinema ingetaka kujua kwamba mtu wa kambi na mtu wa chumba cha tofali hawana kesi moja, ingawa kwenye ripoti wote wanajumlishwa katika makazi holela.

Kisha liko swali la walikotoka, ambalo sinema ya kurudi kijijini hulijibu kabla halijaulizwa, kwa kudhani kwamba kijiji ni amani inayosubiri. Katika wilaya ya Bunda iko kata ya Nyatwali, kando ya Ghuba ya Speke, ambayo serikali iliamua kuitwaa ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kulifikia ziwa. Wakazi wa mitaa yake wakafanyiwa uthamini, wakaambiwa watalipwa fidia na kuhama. Faida ya uhifadhi siibishii. Nauliza tu kwamba mkulima na mvuvi wa Nyatwali, akisha kupokea fidia yake na kuigawa kwa wana na madeni, atanunua wapi kama si pembezoni mwa Bunda mjini, kwa hati ya mauziano ile ile yenye muhuri wa mtaa? Mwenye kumwona akijenga huko atamwita mvamizi, ilhali aliyemtoa kwake ni dola.

Wako na wasiotolewa na dola. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimweka mjane pembeni katika mirathi ya mumewe, likimwachia kutunzwa na wanawe. Asiye na mwana, au aliye na mwana mkorofi, huuchukua mkeka wake akaja mjini. Wako wasichana wanaokimbia ukeketaji msimu wa Desemba. Habari zao zilionyeshwa duniani mwaka 2018 katika filamu ya hali halisi ya Giselle Portenier, In the Name of Your Daughter, iliyopigwa Mugumu, na nyumba salama ya kuwahifadhi iko pia Butiama. Msichana wa namna hiyo ukimwambia kwamba mji ni mchungu na kijiji ni kitamu atakushangaa. Kwake mji ndio makimbilio, na chumba cha kupanga chenye ufunguo ni hifadhi aliyoikosa kwa baba yake. Kadhalika kijana wa Buhemba, aliyekuwa mwanaapolo akichimba dhahabu katika mashimo ya wengine, hatoki kijijini kwa tamaa ya taa za mjini. Anatoka kwa sababu shimo limefunikwa. Kwa hiyo katika tamthilia nzima ya mtu anayejishikiza mjini, tendo la kwanza limekuwa likikatwa, na ndiyo sababu matendo yanayofuata huonekana kama upumbavu wa mhusika.

Muda mrefu wa kukaa nao haumponyi mtu. Wanubi wa Kibera walipewa ardhi ile na Waingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa utumishi wao wa kijeshi, wakaishi hapo vizazi kwa vizazi, na dola ikaendelea kuwahesabu kama wakazi wasio na haki mpaka mwaka 2017 walipopata hati ya pamoja ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ardhi iliyokuwa yao. Kibera imepigwa picha nyingi, Soul Boy ya Hawa Essuman ya mwaka 2010 ikiwa miongoni mwa zilizo bora. Ila karne hiyo ya kungoja hati, yenye barua, wanasheria na wazee waliokufa wakiwa mashahidi, ingali inamsubiri mtunzi.

Najua nitaambiwa kwamba karatasi na muhuri havitazamiki, na kwamba watu wa kibanda umiza, waliozoea sauti ya Lufufu ikiwafasiria mapigano ya Wachina, hawataketi kwenye mbao kutazama mauziano ya kiwanja. Sikubaliani. Hakuna watu wanaofahamu utamu na uchungu wa mauziano ya kiwanja kama hao hao wanaoketi kwenye mbao, na kesi ya mpaka ikisikilizwa barazani hujaza watu kuliko mpira.

Basi ombi langu ni kwa vijana wa Musoma, Bunda na Butiama wenye kamera na programu za kuhariri katika simu zao: acheni kumshusha mtu stendi ili aibiwe. Anzeni kwao, siku alipoondoka na kwa sababu ipi. Mfuateni mpaka kwenye meza ya mwenyekiti wa mtaa, hati ikiandikwa na mashahidi wakitia sahihi. Kisha mleteni mpimaji miaka kumi baadaye, naye mpeni hoja zake zote bila kumpunja. Na halmashauri zetu, vijana hao watakapokuja kuomba kuona ramani za mji na madaftari ya mitaa, ziwafungulie, wala zisiwaombe kwanza kuusoma mswada wao.